Kalenda Tatu na Shahada Moja

Mimi ni mtu wa kupanga. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hata nikiumwa homa hupanga siku ya kupona. Kwa hiyo barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya pili ya elimu ilipofika, sikupiga vigelegele. Nilitoka nikaenda kununua karatasi ya manila.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, Ujamaa umepamba moto. Nilikuwa nafundisha chuo cha ualimu hapa Tabora, na ruhusa niliyopewa ilikuwa ya miezi kumi na minane, kuanzia Julai hadi mwisho wa Desemba ya mwaka wa pili. Asiyemaliza kwa muda huo, barua ilisema, atarudi kazini kama alivyoondoka. Nikaitandika manila mezani, nikachora vyumba kumi na vinane, kila mwezi na chumba chake. Masomo ya darasani, miezi saba. Maktaba, miezi mitatu. Vijijini kukusanya habari, miezi mitatu. Kuandika tasnifu, yote iliyobaki. Nilitia rangi na mistari mpaka ile karatasi ikapendeza kuliko chochote nilichowahi kuandika.

Lakini mpango wote ulikuwa umesimama juu ya mtu mmoja, naye ni mama mkwe wangu. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mume wangu alikuwa gadi wa treni, leo yuko Kigoma, kesho Dodoma, nyumbani anafika kubadilisha shati. Chuo Kikuu kiko Dar es Salaam. Mtoto angebaki na nani? Nilikwenda Kanyenye, kwenye nyumba ya mama mkwe, manila nimeikunja kwapani kama mkeka.

Yeye alikuwa mjane aliyepita makamo, wa ukoo wa Kiomani wa hapa hapa mjini, watu wa duka tangu enzi za misafara. Kiarabu chake kilikuwa cha kwenye sala, Kiswahili ndicho cha kugombea. Mimi ni Mnyamwezi, baba yangu mkulima wa Ziba. Nilipoolewa pale wapo walionong'ona, ila yeye hakunong'ona. Alinifundisha kupika pilau, na nilipoiunguza mara tatu akasema basi, wewe kasome tu. Nilidhani ananitania.

Nilimwamkia, nikatandaza karatasi yangu juu ya mkeka, nikamweleza kila chumba. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Babu yangu alitembea miezi mitatu kutoka pwani mpaka hapa, na mzigo kichwani," akasema. "Wewe unapanda treni, halafu miezi kumi na minane?"

"Mama, ni shahada."

"Haya. Nami mwaka huu nilikuwa nimenuia kwenda Hija na kaka yangu."

Nilijua alikuwa ameitamani Makka tangu alipofiwa na mumewe. Kaka yake ndiye angekuwa maharimu wake, yaani ndugu mwanamume wa kumsindikiza, maana mwanawe hakuweza kuacha reli, na kaka mwenyewe alikuwa mzee mwenye miguu mibovu. Nikaanza kukunja karatasi. Akaishika pembe moja.

"Hija haikimbii," akasema. "Nitamwambia kaka tungoje. Tutakwenda ya mwaka unaofuata. Wewe utakuwa umerudi?"

Nikacheka kwa furaha. Nikamwonyesha chumba cha mwisho. Mwaka ule Iddi ya Mfunguo Tatu, ile ya Hija, ilikuwa imeangukia siku chache baada ya Mwaka Mpya, na mahujaji wa Tabora walikuwa wameondoka katikati ya Desemba iliyotangulia. Mimi nikaigongomelea Iddi pale pale kwa misumari. Nitakabidhi tasnifu wiki ya kwanza ya Desemba, nikamwambia, katikati ya Desemba niko Kanyenye, nampokea mtoto, wewe unapanda treni. Alitazama kile chumba, akahesabu kidogo kwa vidole, akasema inshallah. Nikarudi nyumbani nikiona nimeolewa na ukoo wa malaika.

Msomaji Mwislamu ameshaliona kosa langu, na anacheka. Mimi niliyefunga Ramadhani tangu niko darasa la nne, nikaiona ikihama kutoka msimu wa mvua mpaka msimu wa vumbi, nilisahau kwamba mwezi hausomi kalenda ya Wizara. Kila mwaka Iddi hurudi nyuma siku kumi na moja. Kwa miaka miwili ni siku ishirini na mbili. Hija niliyoiweka Januari ilikuwa inakuja karibu na katikati ya Desemba, na mahujaji wangeondoka Tabora mwishoni mwa Novemba. Mwanamke yule hajasoma hata darasa moja la serikali, na aliligundua kosa hilo palepale mkekani kwa vidole vyake. Hakusema neno.

Nilisoma miezi ile ya kwanza Dar es Salaam kwa raha kabisa, manila imebandikwa juu ya kitanda, kila mwezi ukiisha naupiga msalaba. Darasani wanawake tulikuwa wawili. Mada ya utafiti wangu ilikuwa utoro wa watoto shuleni katika vijiji vya tumbaku, na kijiji nilichokichagua kilikuwa upande wa Goweko, karibu na reli, ili mume wangu akipita na treni anitupie hata salamu. Nilipanga kwenda Mei, tumbaku ikiwa imeshavunwa na kukaushwa. Februari mpaka Aprili sikutaka hata kukaribia huko. Wakati huo mkulima wa tumbaku hana nafasi ya kujikuna, nani atajibu maswali ya mwanafunzi?

Ndipo Januari ikaja barua ya kaka wa mama mkwe. Ilikuwa fupi, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kutoka kulia. Dada yangu amenikataza kukuandikia, alisema, kwa hiyo usimwambie kuwa nimekuandikia. Mwaka huu tunaondoka Tabora kabla ya mwisho wa Novemba, ukiangalia mwezi utajua mwenyewe. Dada ameniambia nitangulie peke yangu, yeye atakwenda Mungu akipenda. Mimi miguu yangu hii ni ya safari moja tu, na baada ya mimi hana maharimu mwingine wa kusafiri naye.

Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikaipandia hasira ile manila, nikaibandua ukutani ikachanika. Nilijikasirikia mimi, nikamkasirikia yeye kwa kunyamaza. Nililia pia, sioni haya kusema. Kama nisingekuwa nyumbani mwishoni mwa Novemba, mama yule angekosa Hija yake kwa ajili ya karatasi yangu, na angeikosa moja kwa moja.

Wiki ile ile nikamwendea msimamizi wangu, mzee mmoja makini ambaye kalamu yake nyekundu ilikuwa haikauki. Nikamwambia nataka kwenda kijijini Februari. Akavua miwani. Akaniambia Februari hutapata mtu wa kuzungumza naye, utapoteza miezi miwili na utarudi mikono mitupu. Nikamwambia lisilo budi hutendwa. Sikumweleza habari za Hija, maana niliona aibu mwanamke wa shahada ya pili kushindwa kuhesabu Iddi.

Nilipitiliza Goweko kwa treni mpaka Tabora kwanza. Niliingia Kanyenye, mtoto akanikimbilia, nami kabla hata ya kuvua viatu nikasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alijua mara moja. Akamlaani kaka yake kidogo, kisha akaendelea kuchambua mchele.

"Ningekwambia ungefanya nini?"

"Ningeahirisha masomo."

"Ndiyo maana sikukwambia. Mimi Mungu anaijua nia yangu. Wizara yako je, nayo inasoma nia za watu?"

Nilimwambia nitakuwa hapa kabla ya treni yake. Akasema asiyejua kuhesabu mwezi asiape. Nilicheka, na kesho yake nikaenda Goweko.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uliotangulia, nyumba zimepangwa mistari, shule ina madarasa mawili na kengele ya kipande cha reli. Mwenyekiti alinipokea kwa heshima kubwa mno. Nilikuwa na fomu mia za maswali, kila mzazi ajaze yake au asaidiwe kujaza: watoto wangapi, wanakwenda shule siku ngapi, nini kinawazuia. Nikamwomba mabalozi wa nyumba kumi kumi wazigawe, nami nitapita kila nyumba. Akasema usijisumbue mwalimu, watu wana kazi, tupe sisi. Nami kwa ujinga wa haraka nikampa.

Nilingoja. Siku ya kumi na mbili akaja nazo zote mia, amezifunga kamba, anatabasamu.

"Tumekusaidia, mwalimu. Tumezijaza zote kwa kikao kimoja."

Nilifungua ya kwanza. Watoto wote wanakwenda shule kila siku. Hakuna kinachowazuia. Ya pili vilevile. Ya hamsini vilevile, hata aliyeandika kuwa hana mtoto, watoto wake walikwenda shule kila siku. Kijiji kilikuwa kimeitana, kikasomewa maswali, kikajadili, kikapitisha majibu kwa kunyoosha mikono kama kinavyopitisha maazimio yote. Hawakuwa na nia ya kunidanganya. Waliona karatasi ya serikali, wakanipa jibu la serikali, na tena wakaniokolea muda. Nilimshukuru mwenyekiti, nikaingia ndani, nikaurushia ukuta ule mfuko wangu wa vitabu.

Mwenyeji wangu, mama mmoja wa watoto sita niliyepewa chumba kwake, alisikia kishindo. Alikuja mlangoni, viganja vyake vyeusi kwa utomvu wa tumbaku.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe leo ni ya ngapi? Tulikuogopa tu, na hayo makaratasi. Njoo ufunge tumbaku, majani hayangoji."

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Kibandani, kando ya bani la kukaushia, wanawake walikuwa wamekaa chini kuzunguka lundo la majani mabichi, wanayashika matatu matatu na kuyafunga kwa uzi kwenye vijiti virefu. Jani likishachumwa lazima lifungwe siku ile ile na kuingizwa banini, la sivyo linaharibika. Walinionyesha. Nilifunga vibaya, wakafungua, wakanicheka kwa Kinyamwezi wakidhani sielewi. Nikawajibu kwa Kinyamwezi. Basi kibanda kizima kikaangua kicheko, na mmoja akasema kumbe mwalimu ni mtoto wa nyumbani na anajitia wa mjini. Baada ya hapo midomo ilifunguka.

Sikuuliza swali hata moja siku ile. Walikuwa wakisemezana mambo yao, na mambo yao ndiyo yalikuwa utafiti wangu. Kwamba binti wa mwenyeji wangu haendi shule tangu majani yaanze kuchumwa, kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi. Kwamba wa jirani anakwenda Jumatatu na Alhamisi tu, siku ambazo hawachumi. Kwamba mwalimu mkuu naye ana shamba la tumbaku na wanafunzi waliokuja wanalifanyia kazi, kwa hiyo afadhali wafanye kazi ya mama zao. Kwamba tumbaku ikishaingia banini watoto hurudi darasani na kukuta wenzao wako mbele, wanaona aibu, wanaacha kabisa. Mei, mwezi niliokuwa nimejipangia mimi, ningewakuta wote wametulia, na wangenijibu kama walivyojibu kwenye kikao. Nilikuwa nimepanga kuja baada ya kila kitu kwisha.

Nilikaa kibandani wiki sita. Asubuhi nafunga majani, jioni naandika niliyoyasikia, kisha nawasomea wenyewe ili waseme kama nimekosea. Walinirekebisha bila huruma. Chakula chetu mchana kilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando, na kila tonge lilikuwa chungu kwa utomvu ulionata vidoleni hata ukinawa kwa majivu. Wale wanawake hawakunidai kitu. Walikuwa na kazi ya kuvunja mgongo, na bado walinipa yaliyo moyoni mwao. Kazi niliyoipangia miezi mitatu waliimaliza kwa mwezi mmoja na nusu. Mpaka leo nikisikia mtu anasema wanakijiji hawajui umuhimu wa elimu, damu inanichemka.

Kuandika ndiko kulikonitoa jasho. Msimamizi aliisoma sura ya kwanza, akaniambia kimya kimya kwamba alikosea kuhusu Februari. Nilimpenda kwa hilo, maana wakubwa wa aina yake hawakuwa wepesi wa kukiri. Lakini kalamu nyekundu haikupumzika. Oktoba alinirudishia sura ya tatu nzima. Nikamjibu kwa ukali, mlango wazi, watu wanasikia. Alingoja nimalize, akaniuliza, "Una nini na Novemba wewe?" Ndipo nikamweleza yote, Iddi, vidole vya mama mkwe, miguu ya kaka yake. Alikuwa Mkristo wa Kusini, hajui Mfunguo Tatu wala Mfunguo Nne. Akavuta kile kitita, akasema, "Niletee sura ya tatu Jumatatu. Nitaisoma siku hiyo hiyo." Akafanya hivyo kwa kila sura iliyobaki. Mpiga chapa naye, dada mmoja wa ofisini, alipoambiwa akaniweka mbele ya foleni yake na kukataa hata soda.

Nilikabidhi nakala tatu siku ya Alhamisi. Ijumaa nikapanda treni. Mume wangu alikuwa zamu kwenye treni ile ile kuanzia Dodoma, akapita kwenye behewa langu akiomba tiketi kwa sauti ya kazi, kisha akakaa kando yangu, akanishika mkono. Tulifika Tabora zimebaki siku mbili mahujaji waondoke.

Siku zile mbili mama mkwe alizitumia kunikabidhi mwanangu mwenyewe. Hali maharage jioni, tumbo linamjaa. Akilala lazima ashike kona ya kanga. Usimpigie kelele anaposali kama nilivyomzoesha, anajifunza. Nilisikiliza kama mfanyakazi mpya. Kuna lililoniuma hapo, siwezi kuficha, mtoto alikuwa akiniangalia kwanza kisha anamwangalia bibi yake kama kuomba ruhusa. Nilikuwa nimeupanga muda wa kila kitu isipokuwa huo. Stesheni, bibi alipopanda na kaka yake, mtoto alilia mpaka akatapika, nami nikambeba nikimshukuru Mungu kwamba anajua kumlilia mtu wa namna ile.

Alirudi Januari, Hajati, amekonda, uso umeng'aa. Kaka yake miguu ilimfikisha na kumrudisha, na hakusafiri tena. Matokeo yangu yalikuwa yameshatoka na nilikuwa nimefaulu. Wageni waliokuja kuonja maji ya zamzamu aliyotoka nayo Makka walipopungua, akaniambia niilete hiyo kazi yangu aione. Nikamletea nakala yenye jalada jeusi. Aliipima uzito mkononi, akaifungua.

"Nisomee."

"Ni Kiingereza, Mama."

"Si unajua Kiswahili? Nisomee kwa Kiswahili. Anzia mwanzo."

Mwanzo ulikuwa ukurasa wa shukrani. Niliuandika mwisho, kwa haraka, nikifuata mtindo wa tasnifu zilizonitangulia, na zote ziliandikwa na wanaume. Nikaanza kumfasiria. Naishukuru Wizara kwa ruhusa. Namshukuru msimamizi wangu. Nakishukuru kijiji, mwenyekiti na wanawake wa kibandani. Mwisho naishukuru familia yangu kwa uvumilivu wao. Nikafika hapo nikahisi uso wangu unaungua.

"Familia ndiyo nani?" akauliza.

"Ndiyo wewe, Mama."

Alitikisa kichwa taratibu, ameridhika kabisa. "Basi sawa," akasema. "Endelea."

Niliendelea kumsomea, sauti inanikwama, naye akidhani ni uchovu akaniambia ninywe maji. Hakujua kwamba nimemweka nafasi ya mwisho, katika neno moja, pamoja na watu ambao hawakuacha chochote kwa ajili yangu. Tasnifu ile bado iko maktabani na ukurasa ule haubadiliki. Kwa hiyo naandika hapa, kwa lugha aliyoielewa: mwanamke huyu aliwekeana miadi na Mungu, akaiahirisha mara moja kwa ajili yangu, na angeiahirisha milele bila kuniambia. Ninakushukuru, Mama, na ungepaswa kuwa wa kwanza.